Busta Tele, Chujio Hakuna

Mtu wa Subukia akilalamika kwamba televisheni yake inakwama-kwama saa ya taarifa ya habari, fundi wa Nakuru ana jibu moja: ongeza busta. Busta ya kwanza ikishindwa, inafungwa nyingine yenye desibeli nyingi zaidi. Hiyo nayo ikishindwa, mlingoti unarefushwa, na mwishowe mteja anaambiwa kwamba eneo lake ni bovu. Kwa Subukia fundi huenda ana haki, maana bonde lile limejificha nyuma ya ukingo wa Bahati na mawimbi ya televisheni hayajui kupinda kona. Lakini dawa hiyohiyo inauzwa Section 58, Kiamunyi na Lanet, mitaa ambayo ukisimama juu ya paa unaiona Menengai bila darubini. Huko televisheni hukwama kwa shibe, wala si kwa njaa. Antena inameza mawimbi ya kila aina, busta inayakuza yote bila kuchagua, na king'amuzi kinaletewa zaidi ya kinavyoweza kutafuna.

Enzi za analogi kosa hili lilionekana kwa macho. Picha ilijaa chenga, au kivuli cha stesheni nyingine kilipita nyuma ya msomaji wa habari, na fundi mwenye uzoefu alijua tofauti ya mawimbi hafifu na mawimbi yaliyogongana. Kenya ilizima analogi mwaka 2015, mvutano mkubwa ukiwa Februari pale vituo vikuu vya kibinafsi vilipotoweka hewani kwa takriban wiki tatu. Tangu hapo tumebaki na mfumo wa DVB-T2, ambao picha zake ni safi ama hazipo. Ukikosa mawimbi, inakwama. Ukizidisha mawimbi, inakwama vilevile. Dalili ni moja kwa magonjwa mawili yanayotaka tiba zinazopingana, na soko limeamua kutibu moja tu.

Ndiyo maana naona mjadala wa kuboresha amplifaya na machujio ya masafa ya redio unatuhusu sisi wa Bonde la Ufa la kati kuliko unavyodhaniwa. Watu huufikiria kama jambo la maabara za ng'ambo. Lakini kati ya Mai Mahiu na Timboroa kuna karibu kila hali ambayo mbunifu wa saketi hizi anaweza kukutana nayo: kuta ndefu za bonde zinazokinga mawimbi, kilele kimoja kilichobeba minara ya mji mzima, vijiji vilivyo gizani kwa upande wa redio, mvuke wa ardhini unaokula shaba, na kituo cha setilaiti kilichokuwa miongoni mwa vya mwanzo kabisa barani Afrika.

Tuanze na hicho cha mwisho, kwa sababu ndicho kinachoonyesha kazi hii ikifanywa kwa makini. Kituo cha Longonot, kusini-mashariki mwa Ziwa Naivasha, kilianza kazi mwaka 1970 chini ya Kampuni ya Mawasiliano ya Nje ya Afrika Mashariki. Kabla yake, mtu wa Nairobi aliyetaka kuongea na London alitegemea masafa mafupi, yale yanayopanda na kushuka kufuatana na jua na saa za usiku. Dishi la Longonot, lenye kipenyo cha takriban mita 30, lilielekezwa kwenye setilaiti ya Intelsat juu ya Bahari ya Hindi, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Lilituma katika gigahezi 6 na kupokea katika gigahezi 4, yote kwa wakati mmoja, kupitia dishi lilelile.

Hebu fikiria maana ya hilo. Ukituma kwa kilowati moja na kupokea kwa kiasi cha pikowati moja, pengo ni desibeli 150. Yaani kinachotoka kinakizidi kinachoingia mara milioni bilioni moja, na vyote viwili vinapita katika mdomo mmoja. Bila chujio la kutenganisha, amplifaya ya kupokea ingeungua kabla mtu hajasema "haloo". Upande wa kupokea nao ulikuwa na masharti yake. Vituo vya daraja A vya Intelsat vilitakiwa kufikisha uwiano wa desibeli 40.7 kati ya ukuzaji wa dishi na joto la kelele la mfumo mzima, na kwa teknolojia ya miaka ile hilo lilimaanisha amplifaya za parametriki zilizopozwa kwa heliamu hadi karibu nyuzi 20 tu juu ya sufuri kamili. Amplifaya haikupozwa ili iwe na nguvu zaidi. Ilipozwa ili isiongeze kelele yake mwenyewe.

Wahandisi wa wakati ule hawakuuliza kwanza, "Itakuza mara ngapi?" Waliuliza, "Itaongeza kelele kiasi gani, na itavumilia jirani mwenye sauti kubwa kiasi gani?" Hata uchaguzi wa mahali ulikuwa sehemu ya saketi, maana kuta za bonde ni chujio la bure dhidi ya mawimbi ya ardhini kutoka mjini. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, SEACOM na TEAMS, kazi kubwa ya dishi hilo ilikwisha, lakini maswali yake mawili hayajazeeka.

Yalete sasa juu ya paa la Lanet. Jibu la swali la kwanza lilitolewa na Harald Friis, mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi Bell Labs huko Marekani, katika hesabu aliyoichapisha mwaka 1944. Alionyesha kwamba katika mnyororo wa hatua za kupokea, kelele ya hatua ya kwanza ndiyo inayotawala, na kelele ya kila hatua inayofuata hugawanywa kwa ukuzaji wa zile zilizotangulia. Chukua king'amuzi chenye kipimo cha kelele cha desibeli 6. Kati yake na antena kuna mita 20 za kebo zinazokula desibeli 3.5. Bila busta, mfumo mzima una kelele ya desibeli 9.5, kwa kuwa kila desibeli inayopotea kwenye kebo kabla ya kukuzwa inaongezwa kwenye deni. Funga busta nzuri juu mlingotini, yenye kelele ya desibeli 2 na ukuzaji wa 15, na jumla inashuka hadi takriban 2.6. Hiyo ni faida ya karibu desibeli 7, inayotosha kuokoa picha ya nyumba nyingi za Bahati na Njoro.

Sasa ng'oa hiyo ya 15 uweke ya 30, kama wanavyopenda wauzaji. Jumla inashuka kutoka 2.6 hadi 2.0. Umepata nusu desibeli na ushei, kiasi ambacho jicho la mtazamaji haliwezi kukitambua. Gharama yake ni nini? Kila wimbi linaloingia kwenye king'amuzi limepanda kwa desibeli 15, la haki na la jirani, na saketi inapoanza kulemewa, takataka za mchanganyiko wa daraja la tatu hupanda mara tatu ya hapo, desibeli 45. Umelipa 45 kununua 0.6. Hakuna mfanyabiashara wa Wakulima Market angekubali biashara hiyo, ila kwenye busta tunaikubali kila siku kwa sababu namba iliyoandikwa kubwa kwenye boksi ni ile ya ukuzaji peke yake.

Swali la pili, la kuvumilia jirani, lina jina la mahali hapa Nakuru: Menengai. Ukingo wa kreta ile unafika mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, huku mji ukiwa chini kwenye mita 1,850 hivi. Kwa mtangazaji hakuna mahali bora zaidi. Tangu Capital FM ilipovunja ukiritimba wa KBC mwaka 1996, masafa kati ya megahezi 88 na 108 yamejaa, na katika Bonde la Ufa la kati yamejaa kwa sababu ya ziada. Hapa wanaishi wasikilizaji wa Kikuyu, Kikalenjin, Ekegusii, Dholuo, Kiswahili na Kiingereza katika mitaa ileile. Inooro na Kameme wana watu wao, Kass na Chamgei wana wao, na Radio Amani ya Jimbo Katoliki la Nakuru ina kundi lake. Uhuru huo wa lugha ni jambo jema. Kwa saketi, hata hivyo, ni umati.

Chukua mfano wa kituo kimoja chenye nguvu ya kilowati 5 kilomita 8 kutoka nyumbani kwako, kwa njia iliyo wazi. Hesabu inatoa takriban milivolti 60 kwa mita, na antena ya nusu wimbi inaweza kuteremsha kwenye kebo milivolti 30. Redio nzuri inaridhika na mikrovolti chache tu. Kituo hicho kimoja kinayazidi mahitaji yake mara maelfu, na kilele hakina kituo kimoja. Vituo viwili vikiingia pamoja kwenye transista iliyolemewa vinazaa watoto. Cha 95.0 na cha 98.0, kwa mfano, vinazaa sauti za uongo kwenye 92.0 na 101.0, na msikilizaji anayetafuta kituo dhaifu cha Nyahururu anakuta mahubiri na matangazo ya mbolea yakigombana mahali ambapo hakuna aliyepewa leseni. Watoto wengine wanaangukia kwa watu wasiohusika kabisa. Vya 106.0 na 101.0 vinazaa 111.0, na kuanzia 108 hadi 137 ni masafa ya marubani. Wakati mwingine kosa haliko kwa mpokeaji. Wimbi la mnara mmoja linaweza kuingia kwenye antena ya jirani, likateremka hadi kwenye amplifaya ya mwisho ya mtambo wake, na mchanganyiko ukazaliwa humo ukiwa na nguvu ya kutangazwa. Dawa ni chujio la chumba baina ya mtambo na antena, kitu kikubwa cha bati nene ambacho kinaruhusu masafa yake tu na kuwafungia wengine mlango pande zote mbili.

Chujio la chumba ni kifaa cha kupendeza kwa sababu hakina chochote cha kuungua, wala transista wala umeme wa kulisha. Lakini hata lenyewe lina hali zake, na kilele chenye baridi ya usiku na jua kali la mchana kinazianika. Alumini hutanuka sehemu 23 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Chumba cha alumini kilichopangwa kwenye megahezi 100, joto likibadilika nyuzi 20, kinahama karibu kilohezi 46, na kituo kizima cha FM kina upana wa kilohezi 200 hivi. Ndiyo maana watengenezaji makini hutumia fito za Invar, aloi ya nikeli na chuma isiyotanuka zaidi ya sehemu moja au mbili, na uhamaji huo unashuka hadi kilohezi chache. Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji sana, nalo linatuhusu sisi majirani wa mvuke. Gesi ya salfidi hidrojeni inayotoka na mvuke wa Menengai na Olkaria hushambulia fedha na shaba, yaani ngozi ya ndani ya machujio hayo na meno ya viunganishi vyake. Kiungo kilichofanya kutu hugeuka kuwa kichanganya mawimbi bila kuwa na transista hata moja. Mhandisi anayepanga matengenezo ya minara ya huku kwa ratiba ya mji usio na mvuke anajidanganya.

Turudi kwa mwananchi. FM ya Menengai inaingiaje kwenye televisheni, ambayo iko juu kabisa, kati ya megahezi 470 na 694? Kwa mlango wa busta. Nyingi zinazouzwa zinakuza kila kitu kuanzia 40 hadi 860, maana ni rahisi kutengeneza hivyo na zinafaa nchi yoyote. FM ikiilemea transista ya kwanza, ukuzaji wa televisheni unazimia hapohapo, na mara tano ya 98 ni 490, katikati ya chaneli zetu. Mtu anaweza kukosa habari za jioni kwa sababu ya redio ambayo hajaiwasha.

Hapa fundi hana sababu ya kungoja mtu, maana dawa anaiweza kwa mikono yake. Chujio la kupitisha masafa ya juu, lenye kikomo cha megahezi 300 kwa kebo ya omu 75, linahitaji kapasita tatu na koili mbili. Kapasita za pembeni ni pikofaradi 11 hivi, ya katikati 3.5, zikiwa zimefuatana kwenye njia ya mawimbi. Koili mbili za nanoheni 25 zinashuka kutoka viungo vyake hadi gamba la bati. Koili hiyo ni mizunguko mitatu ya waya wenye rangi ya kuhami, ikizungushwa kwenye kekee ya milimita 4 kisha kuvutwa kidogo. Kwa hesabu, FM kwenye 100 inapigwa desibeli 47 na zaidi, na televisheni kwenye 470 haipotezi hata sehemu ya kumi ya desibeli moja. Kwa vitendo itapoteza nusu desibeli au zaidi kidogo, na hiyo ni bei ndogo.

Tahadhari zake ndizo zinazotenganisha fundi na mbabaishaji. Miguu ya kapasita ikatwe hadi ifutike, kwa sababu milimita moja ya waya inakaribia nanoheni moja, na miguu miwili ya sentimita moja itaharibu hesabu yote. Kapasita ziwe za seramiki ya aina isiyobadilika na joto, ile inayoandikwa NP0. Chujio likae baina ya antena na busta, kamwe lisiwe chini yake, maana umeme wa kulisha busta hupanda kwa kebo ileile na kapasita zitauzuia. Na kama busta imejengwa ndani ya kiboksi cha antena, kama zilivyo nyingi za bei nafuu, itabidi kiboksi kifunguliwe. Kazi hiyo ya nusu saa ingetibu nyumba nyingi zaidi kuliko mlingoti mpya.

Simu ni habari nyingine, na hapa lazima niwe mkweli kuhusu mipaka ya koili za mkononi. Masafa ambayo televisheni iliyahama yamekwenda kwa 4G. Katika bendi ya 800 minara ya simu hutuma kuanzia 791 hadi 821. Katika bendi ya 700 minara hutuma kuanzia 758, na simu zenyewe hujibu kuanzia 703. Chaneli ya mwisho ya televisheni inaishia 694. Busta ya zamani iliyoandikwa 470 hadi 862 ilikuwa sahihi siku ilipotengenezwa. Leo inakuza mnara wa simu wa mtaani kwa uaminifu uleule inaokuza sinema. Uingereza walipofungulia bendi ya 800 waliunda chombo kilicholipiwa na kampuni za simu zenyewe, at800, kikasambaza machujio kwa nyumba zilizoathirika. Makadirio ya awali yalitaja hadi nyumba milioni 2.3, ingawa walioathirika kweli walikuwa wachache sana kuliko hapo. Sisi tulipozima analogi tulibishana kuhusu nani amiliki mitambo ya kurusha matangazo. Chujio la mwananchi halikuwa ajenda ya mtu.

Kati ya 694 na 791 kuna nafasi ya kutosha, na chujio la koili lenye hatua nyingi linaweza kupunguza mnara wa bendi ya 800 kwa kiasi cha maana. Kati ya 694 na 703 kuna megahezi 9, yaani asilimia 1.3. Koili ya waya ina ubora wa 100 hivi na haiwezi ukingo mkali namna hiyo. Itakula chaneli za mwisho kabla haijaigusa simu. Ukingo huo unataka vyumba vidogo, seramiki, au machujio ya mawimbi ya juu ya uso wa fuwele kama yale yaliyomo ndani ya simu yako. Hayo hayazungushwi kwenye kekee. Hununuliwa, na yapo, ila muuzaji wa Nakuru hatayaagiza mpaka mteja ajue kuyaomba.

Kuna wanaosema mambo haya yanapitwa na wakati, kwamba redio sasa ni programu na programu itachuja kila kitu. Nusu ya kweli imo. Ukifungua redio ya zamani ya FM utaona kijipande cha seramiki chenye miguu mitatu, chujio la megahezi 10.7. Mafundi wa zamani walikuwa wakikibadilisha, wakitoa cha kilohezi 280 na kuweka cha 150, ili redio itenganishe vituo vilivyobanana. Redio mpya za bei rahisi hazina kijipande hicho. Kazi yake inafanywa kwa hesabu ndani ya chipu, na zinaifanya vizuri. Lakini programu huchuja kile kilichokwisha kuingia kikiwa kizima. Kidude cha RTL-SDR, ambacho tangu mwaka 2012 kimewapa wanafunzi dunia nzima redio ya bei ya chini inayosikia karibu kila kitu, kina kigeuzi cha biti 8, na biti 8 ni upana wa desibeli 48 tu. Mbele ya Menengai upana huo unajaa kabla hujagusa kitu, na hakuna msimbo utakaorudisha kilichokatwa kileleni. Hapo kinachosaidia ni zile koili mbili na kapasita tatu.

Kilichobadilika kweli ni upimaji. Zamani, kuona umbo la chujio kulihitaji mashine yenye bei ya gari, na fundi alipanga koili kwa sikio na kwa imani. Leo NanoVNA, kifaa kinachokaa kiganjani, kinaonyesha kwenye kioo chake mstari wa chujio lako kutoka kilohezi 50 hadi megahezi 900 na hata zaidi. Unaivuta koili kwa ncha ya bisibisi ya plastiki na unaona bonde la mstari likihama. Kwa maoni yangu kifaa hiki kina thamani kwa fundi wa Nakuru kuliko busta elfu. Rift Valley National Polytechnic iko hapahapa mjini, Egerton iko Njoro, Kabarak iko kwenye barabara ya Ravine. Mwanafunzi wa umeme anayehitimu bila kujenga chujio moja, kulipima, na kulipandisha juu ya paa la nyumba yenye tatizo la kweli, amesoma nusu.

Na kazi kubwa zaidi huenda iko njiani. Kenya ni miongoni mwa nchi washirika wa Afrika katika mradi wa darubini ya redio ya SKA, na dishi la Longonot limekuwa kwenye orodha ya madishi ya mawasiliano yanayofaa kugeuzwa darubini. Ghana ilifanya hivyo Kuntunse, dishi lake la mita 32 likazinduliwa kama darubini mwaka 2017. Darubini hizo husikiliza, pamoja na mengine, mawimbi ya methanoli kutoka mawinguni mwa nyota kwenye gigahezi 6.7, karibu na masafa ambayo vituo vya ardhini hutumia kurusha kwenye setilaiti na ambayo Wi-Fi mpya inayasogelea. Wakati wa kujenga kituo cha Longonot, Naivasha ilikuwa mji mdogo wa ziwani. Leo ina mashamba ya maua, hoteli, bandari kavu na minara ya simu kila upande, na kuta za bonde peke yake hazitoshi tena. Yeyote atakayeligeuza dishi lile atahitaji watu wanaojua machujio na amplifaya kwa undani, na ni aibu kama itabidi watoke mbali wakati matatizo ya kujifunzia yamejaa juu ya mapaa ya Nakuru.

Mamlaka ya Mawasiliano nayo ina la kufanya ambalo halihitaji fedha nyingi. Tayari ina jukumu la kuidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa. Iweke sharti kwamba busta yoyote inayoingia sokoni iandikwe mambo matatu kwenye boksi: kipimo cha kelele, kiwango cha juu inachoweza kutoa bila kuchanganya mawimbi, na masafa inayoyapitisha. Inayopita 694 isiidhinishwe kwa televisheni. Kampuni za simu, zilizofaidika na masafa yaliyohamwa, zichangie machujio kwa wale walio karibu na minara yao, kama wenzao wa Uingereza walivyofanya.

Mpaka siku hiyo, ukiingia duka la vifaa vya umeme pale mjini, usiulize busta ina desibeli ngapi. Uliza kelele yake ni ngapi na inaishia masafa gani. Muuzaji akikosa jibu, mrudishie boksi lake, na pesa hizohizo ununue kebo yenye shaba halisi na viunganishi vya kubana vizuri.